Ngozi ya plastiki: namna ya kuisoma kabla haijakuvunjikia

Pitisha kidole kwenye mkono wa kiti cha plastiki kilichokaa barazani miaka minne, kisha kitazame kidole. Kitarudi na unga mweupe kama wa chaki. Wengi huufuta kwenye suruali wakidhani ni vumbi. Si vumbi: unga ule ni kiti chenyewe. Siku atakapokikalia mgeni mzito, mguu wa kiti utakatika ghafla, bila hata kupinda kwanza.

Kazi yangu ni kuchomelea matangi na mabomba ya plastiki hapa Tanga, na kazi hii imenifundisha kwamba plastiki huanza kufa ngozini. Jua, hewa, maji, chumvi, sabuni na mafuta vyote hukutana nayo usoni, na kila kimoja huacha alama yake. Anayezijua alama hizo ataokoa tangi ambalo jirani anataka kulitupa, na atakataa kupiga kiraka lile ambalo halifai tena. Mwongozo huu ni wa kujifunza kuzisoma kwa vitu vya nyumbani, kwa muda wa miezi mitatu.

Kwa nini ngozi

Plastiki ni minyororo mirefu sana ya molekuli iliyosokotana kama tambi. Miale ya urujuanimno ya jua hukata minyororo hiyo, na oksijeni ya hewani hujipachika pale ilipokatika. Mnyororo mfupi hauwezi kushikana vizuri na mwenzake, kwa hiyo uso unakakamaa, unasinyaa na kupasuka. Lakini miale haizami mbali, na oksijeni nayo huishia njiani. Ukikwangua plastiki nene iliyopauka kabisa, mara nyingi chini ya milimita moja tu unakuta mwili mzima, wenye rangi yake ileile ya dukani.

Mbona basi inavunjika yote? Mtazame fundi wa vioo. Anachora mstari mwembamba juu ya kioo, anagonga kidogo, na kioo kizima kinafuata ule mstari. Ngozi iliyokakamaa hufanya hivyohivyo: ufa ukishaanza juu, unakimbilia ndani kwenye plastiki ambayo ingeweza kuishi miaka mingine kumi. Shikilia jambo hili, maana matengenezo yote huko mbele yanatokana nalo.

Hatua ya kwanza: ijue plastiki uliyonayo

Geuza chombo utafute pembetatu yenye namba. Namba 2 ni polithini ngumu, ya madumu na matangi. Namba 4 ni polithini laini. Namba 5 ni polipropilini, ya ndoo, vifuniko na viti vingi. Namba 3 ni PVC, ya mabomba. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji, na 6 ni polistirini. Kama hakuna namba, kata kipande kidogo ukizamishe kwenye maji baridi uliyotia tone la sabuni, ili viputo vya hewa visikidanganye. Polithini na polipropilini zitaelea. PVC na PET zitazama. Kuna mafundi wanaochoma kipande ili wanuse moshi. Usifanye hivyo. Moshi wa PVC una asidi, na mapafu hayana kiraka.

Tofauti hizi zina maana kubwa. Polipropilini ni dhaifu zaidi ya polithini mbele ya jua, kwa sababu kila kaboni ya pili kwenye mnyororo wake ina hidrojeni inayong'oka kirahisi. Ikiwa haikuchanganywa na dawa ya kuikinga, miezi ya juani inatosha kuimaliza. PVC yenyewe hutoa asidi ya hidrokloriki polepole, na uso wake unageuka njano, kisha kahawia. Nailoni hunywa maji. Nitaieleza baadaye kwa sababu inadanganya watu wengi.

Na rangi si urembo. Bomba la maji la polithini ni jeusi kwa sababu limetiwa masizi ya kaboni, asilimia 2 hadi 2.5, yanayomeza miale kabla haijafika mbali. Ukiwa dukani na matangi mawili ya bei moja, jeusi na la rangi hafifu, na tangi lenyewe litakaa juani, chukua jeusi.

Hatua ya pili: kata vipande, weka shahidi

Nunua kifuniko kimoja kipya cha ndoo, tafuta dumu ambalo halijapigwa na jua, na kipande cha bomba la PVC. Kata kutoka kila kimoja vipande saba, upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja. Vioshe kwa sabuni, suuza sana, kisha vifute kwa spiriti, maana plastiki mpya hutoka kiwandani na mafuta mepesi juu yake.

Weka alama kwa kukata pengo ukingoni: pengo moja, mawili, matatu. Usiandike kwa kalamu ya wino. Jua litaufuta, na hutajua kipi kilitoka wapi.

Kipande kimoja cha kila aina kifungie ndani ya kopo, gizani. Huyo ndiye shahidi. Bila yeye, baada ya miezi mitatu utaanza kubishana na kumbukumbu yako.

Hatua ya tatu: vipeleke kwenye mazingira sita

Cha kwanza kifunge kwa waya juu ya ubao paani, kikiegemea kidogo ili mvua itiririke. Kisiguse bati. Bati la mchana ni la moto sana, na kwa makadirio ya kawaida kila joto likipanda nyuzi 10 uharibifu hukaribia kwenda kasi mara mbili, kwa hiyo utakuwa unapima bati badala ya jua.

Cha pili kiweke kwenye jua lilelile, ila chini ya kipande cha kioo cha dirisha. Kioo huzuia sehemu kubwa ya miale mikali zaidi na kuachia mwanga na joto. Tofauti ya vipande hivi viwili itakuonyesha mkosaji ni nani.

Cha tatu kitumbukize kwenye ndoo ya maji ya bahari, kivulini. Cha nne kifunge mahali pa wazi ufukweni panapofikiwa na maji kujaa, kiloe na kukauka kila siku. Asiye karibu na bahari akiweke kipande hiki juani, akimwagie maji ya chumvi asubuhi na jioni. Cha tano kizike udongoni, kina cha mkono. Cha sita kiweke ndani ya mtungi wenye mafuta ya taa, ufunike vizuri, mbali na moto na watoto.

Anza wakati wa kaskazi, siku za jua kali, ukitaka majibu mapema. Ukianza masika utasubiri.

Hatua ya nne: tone la maji

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na kinahitaji sindano ya hospitali isiyo na ncha pamoja na simu tu.

Kila wiki mbili leta vipande ndani. Suuza kwa maji safi, kaushia kivulini, usiguse uso kwa kidole. Laza kipande mezani, dondosha tone moja dogo, kisha inama mpaka jicho lako liwe sawa na meza. Mulika kwa tochi kutoka nyuma na piga picha kutoka ubavuni. Kwenye polithini mpya tone litasimama likiwa limejikunja kama shanga, ukingo wake ukielekea ndani kidogo pale linapogusa plastiki. Ukipima pembe hiyo utapata nyuzi 95 hadi 100 hivi. Wiki zikipita, tone la kipande cha paani litaanza kulala. Pembe itashuka chini ya 90, na maji yatatanda kama yanavyotanda kwenye sahani iliyooshwa.

Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni uso, ambao sasa umejaa oksijeni, na maji hupenda kushikamana na palipo na oksijeni. Tone hukuambia habari hii wiki nyingi kabla chaki haijaonekana, na kabla ya ufa wowote.

Kuna mtego hapa. Minyororo iliyo usoni haikupigiliwa misumari. Hujigeuza kufuata kinachoigusa. Kwenye plastiki nyingi zenye sehemu zinazopenda maji, ukiiweka majini sehemu hizo hugeukia nje, na ukiirudisha hewani zinajificha ndani tena. Kwa hiyo kipande kilichotoka kwenye ndoo sasa hivi kinaweza kutoa jibu moja, na kesho kikikauka kikatoa jingine. Pima mara mbili: kikitoka, na baada ya siku nzima. Kutanda kwa maji kukipungua baada ya kipande kukauka, ulichokiona kilikuwa kugeuka kwa minyororo. Kusipopungua, ngozi imeharibika kweli.

Wenye viwanda vya kuchapa mifuko wanaujua mtego huu kwa hasara. Filamu ya plastiki hupigwa cheche za umeme ili wino ushike, na ikikaa stoo wiki kadhaa ule ushikaji unafifia wenyewe, kwa kuwa uso umejigeuza na vilainishi vya ndani vimepanda juu. Lakini mwenendo huohuo unatusaidia pia. Vile vikombe vinavyoshika nyaya kwenye nguzo za umeme, vya aina mpya, vimetengenezwa kwa mpira wa silikoni. Pwani hufunikwa na chumvi na vumbi, na ungetarajia maji yatande juu ya uchafu huo na kupitisha umeme. Kumbe molekuli ndogo za silikoni zilizo huru ndani hupanda taratibu, hupenya ule uchafu na kuupaka, na matone yanaendelea kujikunja. Hata cheche zikiunguza uso, baada ya saa au siku kadhaa ngozi hiyo hurudia hali yake. Ni plastiki chache zenye ngozi inayojiponya hivyo. Polithini ya tangi lako haimo.

Hatua ya tano: kitambaa cheusi, selotepu, na kukunja

Sugua uso kwa kitambaa cheusi ukatafute chaki. Bandika selotepu, ikandamize, ivute kwa mkupuo mmoja. Ikitoka na magamba, ngozi imekwisha kuachana na mwili.

Kisha kunja, na hapa fanya taratibu. Kipasue kipande cha paani kwa urefu kiwe nusu mbili. Kunja nusu ya kwanza huku upande uliopigwa na jua ukiwa ndani ya mkunjo. Halafu chukua nusu ya pili, uikunje upande huo ukiwa nje, ambako unanyooshwa. Mara nyingi ya kwanza itapinda kama kipande kipya, na ya pili itakatika. Plastiki ni ileile, jua ni lilelile, kilichogeuzwa ni upande tu. Nilipomwonyesha kijana ninayemfundisha kazi, alinyamaza, akaomba vipande vingine vitatu ajaribu mwenyewe. Tangu siku hiyo hajanifuata tena kuuliza kwa nini lazima tukwangue.

Vipande vingine nitavipitia haraka. Cha chini ya kioo kitakuwa kimechoka kidogo. Cha udongoni kitatoka kama kilivyoingia. Osha na mwite shahidi, hutawatofautisha. Cha kwenye ndoo ya bahari kitakuwa na utelezi wa viumbe vidogo na pengine ukijani, lakini ukiufuta unakuta mwili mzima, kwa kuwa maji ni baridi na ule utelezi wenyewe ni kivuli. Cha ufukweni ndicho kitakuwa na hali mbaya kuliko ndugu yake wa majini. Ndiyo maana takataka za plastiki husagika mchangani kwa kasi kuliko zinapoelea. Cha mafuta ya taa kitakuwa kimevimba, laini, na kina harufu isiyotoka kwa sabuni yoyote. Polithini imeyanywa mafuta. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani usilitie maji ya kunywa, hata ulioshe mara ngapi.

Kuzisoma alama kwenye vitu vya nyumbani

Nyufa ndogondogo zilizokutana kama tope la bwawa lililokauka ni kazi ya jua na oksijeni. Nyufa sambamba kwenye mpira, zote zikikatiza upande mpira unaovutwa, ni kazi ya ozoni ya hewani. Utaziona ubavuni mwa tairi hata kama kashata zake bado ni nene. Soma namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "mpya" lenye nyufa hizo liache dukani.

Ufa mmoja safi kwenye pembe ya dumu la sabuni ya maji, bila chaki wala kupauka, ni habari nyingine kabisa. Sabuni haiyeyushi polithini, ila pale inapovutwa, kama pembeni au chini ya mzigo uliopangwa juu yake, huusaidia ufa kufunguka. Usipandanishe madumu ya sabuni.

PVC laini inayonata, ya vitambaa vya meza na nyaya za zamani, inatokwa na kilainishi chake. Kinachonata leo kitakuwa kikavu na kigumu baadaye. Waya wa umeme wa namna hiyo ubadilishe.

Viatu navyo. Mtu huviweka ndani ya boksi, kabatini, havijaguswa na jua hata siku moja. Siku ya harusi anavivaa, na kabla hajafika ukumbini soli imebomoka kama keki. Soli nyingi laini ni za poliyurethani, na aina fulani ya hiyo hukatwa na unyevu. Joto na unyevunyevu wa pwani ndani ya boksi lililofungwa ndiyo mazingira mabaya yenyewe. Vitoe, vivae mara kwa mara, vihifadhi pakavu penye hewa.

Sasa ile nailoni. Vibano vya kufungia nyaya vikikatika mkononi, watu husema ni feki. Viloweke majini usiku kucha. Asubuhi vikipinda vizuri, vilikuwa na kiu tu, kwa sababu nailoni huhitaji maji kidogo ndani yake ili iwe laini. Vikiendelea kukatika, jua limeshavimaliza na maji hayatavirudisha. Vya nje nunua vyeusi.

Matengenezo: rudi kwenye plastiki hai

Mama mmoja wa mtaani aliniita kutazama tangi lake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie, wenzako wawili wameshaliziba na linavuja tena. Limeoza?" Nikapitisha ncha ya kisu kwenye ule mshono wa zamani, ukabanduka mzima kama gamba la kidonda. Walichomelea juu ya ngozi iliyokufa. Plastiki yao ilishika unga, na unga haukushika kitu.

Kwa hiyo, kwangua. Tumia kwanguo la bomba au kisu kilichonolewa, na tazama kinachotoka. Mwanzo ni unga na magamba mafupi. Endelea mpaka kitoke kipande kirefu kinachojikunja kama ganda la chungwa, cheusi na kinachong'aa. Hapo umefika kwenye mwili ulio hai. Mafundi wa kuunganisha mabomba ya polithini hukwangua milimita 0.2 au zaidi kidogo hata kwenye bomba jipya, kwa sababu hewa pekee inatosha kuharibu uso. Ukishakwangua usiguse kwa mkono, chomelea saa ileile, kwa ufito wa plastiki ya aina ileile. Kama umekwangua milimita mbili na bado unatoa unga, mwambie mwenye tangi ukweli. Tangi la mama lilitoa maganda marefu, na mshono umeshapita masika mbili.

Kupaka rangi polithini au polipropilini ni kazi nyingine. Rangi haishiki kwenye uso ambao tone husimama. Safisha, kisha pitisha mwali wa bluu wa gesi haraka, kama unayefagia, bila kuyeyusha; chombo kiwe kitupu, hakijawahi kubeba mafuta wala kemikali, na uwe nje. Mwaga maji: yakitanda bila kukatikakatika, uso uko tayari. Kausha na upake siku hiyohiyo.

Taa za gari zilizogeuka njano ni polikaboneti iliyopoteza koti lake la kiwandani. Piga msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ukibadilisha mwelekeo kila mara, halafu ng'arisha. Dawa ya meno itakupa wiki chache za furaha, basi. Baada ya kung'arisha ni lazima upake vanishi angavu inayozuia urujuanimno, la sivyo njano itarudi ndani ya miezi, mara hii kwenye uso usio na kinga yoyote. Na usiifute taa kwa petroli, tina wala asetoni. Itapata nyufa nyembamba kama buibui amepita ndani.

Kabla hujaanza kukwangua chochote, tandika gunia au turubai chini. Unga na maganda yakusanye uyafunge kwenye mfuko wa taka. Ukiyaacha uani, mvua ya kwanza itayapeleka mtaroni, na mtaro wetu unamwaga baharini.